Punguza nyama, ongeza protini: mama mtu mzima amsikilize nani?

Shangazi yangu wa Mkomani, hapa Lamu, ana miaka 68 na presha ya siku nyingi. Siku moja alirudi kliniki na maneno matatu: punguza nyama, punguza mafuta, punguza chumvi. Naye ni mtu wa kutii. Nyama akaiacha kabisa. Samaki wa nyumbani kwake hukaangwa, kwa hiyo samaki naye akaenda. Mbaazi hazipikwi bila nazi, na nazi ni mafuta, basi mbaazi nazo zikapigwa marufuku. Kikabaki chai ya rangi na mkate wa mofa asubuhi, wali mkavu na mchicha mchana, chai na mkate tena usiku.

Baada ya miezi presha ikashuka kidogo, tukafurahi sote. Lakini akaanza kuswali juu ya kiti. Tulipomuuliza akasema magoti. Nilimtazama siku moja kabla hajakitoa hicho kiti: kushuka kwenye sujudi alishuka vizuri, bila kukunja uso. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Alishika ukingo wa kitanda, akajivuta, akapumzika, kisha akaendelea na rakaa. "Uzee huo," alisema, nasi tukaitikia, maana ni jibu linalomaliza mazungumzo.

Akaja kijana wetu wa Mombasa, mpenzi wa vyuma na vioo vya jim. Kumwona tu akasema, "Shangazi, umekonda miguu. Kula protini!" Akamwachia kopo kubwa la unga wenye picha ya mtu aliyetuna mikono. Jioni ile shangazi akanigeukia: "Mmoja aniambia nisile, mmoja aniambia nile. Nimfuate yupi?"

Swali hilo si la shangazi peke yake. Hata wataalamu wa lishe wamelivutana kwa miaka, na vichwa vya habari hulikoroga zaidi: leo protini inaua moyo, kesho protini inaokoa wazee. Ukitulia ukalifumua uzi baada ya uzi, utaona kliniki na kijana hawakupingana. Kila mmoja alizungumzia kitu chake, na shangazi akavisikia kama kitu kimoja.

Hedhi ikishakoma

Huku kwetu wanawake wengi huogopa saratani kuliko ugonjwa mwingine wowote. Lakini kinachoua wanawake wengi zaidi duniani ni magonjwa ya moyo na mishipa ya damu: karibu mmoja katika kila watatu wanaofariki. Mwanamke akiwa bado anaona siku zake, homoni ya estrojeni humsaidia. Huifanya mishipa ibaki laini, na hulisaidia ini kuiondoa kwenye damu ile kolesteroli mbaya iitwayo LDL. Hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni huporomoka. LDL hupanda, mishipa hukakamaa, presha hufuata. Mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani na mapajani huhamia tumboni, yakavizunguka viungo vya ndani, na hapo ndipo yanapoudhuru moyo zaidi. Mke aliyekuwa nyuma ya mumewe kwa hatari ya moyo akiwa na miaka 45, akifika 70 huwa amemkaribia sana.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa kliniki. Kuna la pili, nalo haliumi wala halipimwi kwa mashine ya presha: misuli inapungua. Kuanzia umri wa makamo mtu hupoteza kidogo kila mwaka, na nguvu huondoka haraka kuliko unene wa msuli wenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na uzito uleule wa zamani na bado ashindwe na ngazi za nyumba yake. Anayezijua ngazi za nyumba zetu za mawe, zilivyo nyembamba na zilivyosimama wima, anaelewa ninachosema.

Na misuli si ya kubebea ndoo tu. Ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Ukila wali, sehemu kubwa ya sukari inayotokana nao huenda kuhifadhiwa misulini. Ghala likidogoka, sukari hubaki ikizunguka kwenye damu, na kisukari hakiko mbali na ugonjwa wa moyo. Shangazi alikuwa akijenga huku na kubomoa kule.

Tena msuli wa mtu mzima ni mzito wa kusikia. Kijana wa kilo 60 akila mlo wenye gramu 15 hivi za protini, misuli yake hupokea wito na kuanza kujijenga. Ya mama wa miaka 70 mwenye uzito huohuo huhitaji karibu gramu 25 kwa mlo mmoja ndipo iamke vilevile. Kwa hiyo mtu mzima anahitaji protini nyingi kuliko kijana kwa kila kilo ya mwili wake, ilhali hamu ya kula imepungua, meno yamepungua, na kila anayemtembelea anamwambia apunguze kitu.

Wanawake walewale, majibu mawili

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu protini na moyo wa mwanamke mtu mzima imetoka Marekani, kwenye utafiti uitwao Women's Health Initiative. Kati ya mwaka 1993 na 1998 uliandikisha zaidi ya wanawake 160,000 wa miaka 50 hadi 79, wote wakiwa wamekoma hedhi, kisha ukawafuatilia kwa miaka mingi. Wengi wao ni wazungu na chakula chao si chetu, nitalirudia hilo. Lakini ni hazina.

Mwaka 2010 watafiti walitoa matokeo ya zaidi ya wanawake 24,000 kati yao wenye miaka 65 kwenda juu. Waliokula protini nyingi zaidi hawakudhoofika kama wenzao: kutembea polepole, kuchoka ovyo, kuishiwa nguvu. Kijana wetu wa Mombasa angeshangilia. Mwaka 2016 ikatoka taarifa nyingine kutoka kundi hilohilo: waliokula protini nyingi zaidi walipata zaidi tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo. Hapo kliniki ingeshangilia. Ila taarifa hiyo ilikuwa na mstari wa pili ambao magazeti mengi hayakuupa nafasi: wale ambao protini yao ilitoka zaidi kwenye mimea, hatari yao ilionekana kuwa ndogo.

Hapa panahitaji subira kidogo, kwani ndipo fundo lilipo. Watafiti wanajuaje mtu amekula nini? Humpa fomu: mara ngapi kwa wiki unakula nyama, maharagwe, mayai? Watu husahau, huona haya, hujipunguzia. Imeonekana kwamba mtu kadiri anavyokuwa mnene ndivyo anavyoelekea kutaja chakula kidogo kuliko alichokula. Sasa, protini ina alama yake isiyofichika, nayo ni naitrojeni. Mwili ukishaitumia protini huitoa sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo, asilimia 81 hivi, kwenye mkojo. Ukikusanya mkojo wa saa 24 na kuipima, ukagawanya kwa 0.81 kufidia ile isiyotoka kwenye mkojo, kisha ukazidisha kwa 6.25, unapata makadirio ya protini aliyokula mtu, hata kama fomu yake inasema vingine. Watafiti hawa waliwapima hivyo baadhi ya wanawake, kisha wakatumia vipimo hivyo kusahihisha fomu za wengine. Katika ule utafiti wa udhaifu, kwa fomu tupu, ongezeko la asilimia 20 la protini lilikwenda na upungufu wa asilimia 12 wa hatari ya kudhoofika. Fomu ziliposahihishwa, upungufu ukawa asilimia 32. Ni watu walewale, na kilichobadilika ni kipimo. Mimi tangu nilipolielewa hili, kila nikiona kichwa cha habari cha lishe huuliza kwanza: walipimaje?

Mkojo hata hivyo una kasoro moja. Hukwambia protini ni kiasi gani, haukwambii imetoka kwa papa, kwa ng'ombe au kwa mbaazi. Na protini haisafiri peke yake. Huingia kama mzigo kwenye jahazi, na jahazi lina mengine ndani yake. Ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta huja na mafuta mazito yanayopandisha LDL. Ya soseji na nyama za kopo huja na chumvi nyingi juu yake. Ya pojo, kunde na mbaazi huja na nyuzinyuzi. Baadhi ya nyuzinyuzi hizo huinasa nyongo tumboni na kutoka nayo, ini likalazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya. Ya samaki wa mafuta kama vibua na jodari huja na omega-3, mafuta yanayosifiwa kwa moyo. Kliniki ilikuwa ikizungumzia jahazi, kijana akizungumzia mzigo.

Mwaka 2021 jarida la Journal of the American Heart Association lilichapisha hesabu ya wanawake 102,521 wa utafiti huohuo, waliofuatiliwa hadi 2017. Karibu 26,000 walikuwa wameshafariki. Waliokula protini ya mimea kwa wingi zaidi, wakilinganishwa na waliokula kidogo zaidi, walikuwa na hatari pungufu ya asilimia 12 ya kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa, na pungufu ya asilimia 21 ya kufa kwa maradhi ya kupoteza akili uzeeni. Mayai yalitoka vibaya: waliokula mengi walikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa iliyozidi kwa asilimia 24. Lakini Marekani yai la asubuhi huandamana na bekoni, soseji na mkate wa siagi. Yai la kuchemsha la bibi wa kijiji cha Shela, hapa Lamu, linaloliwa na chai, silioni kuwa ni yai lilelile, na sitamkataza mtu kwa takwimu hiyo.

Kuna hesabu nyingine ninayoipenda zaidi kwa sababu inauliza swali la jikoni. Ilichapishwa 2010 katika jarida la Circulation, juu ya wauguzi wa kike 84,136 waliofuatiliwa miaka 26. Watafiti waliuliza: ukiondoa posho moja ya nyama nyekundu kwa siku, unaweka nini mahali pake? Karanga na jamii yake zikiwekwa, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa ndogo kwa asilimia 30. Samaki, asilimia 24. Kuku, 19. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta, 13. Swali hilo la "mahali pake" ndilo shangazi hakuulizwa. Aliondoa nyama, samaki na mbaazi, akaweka mkate.

Hizi zote ni tafiti za kutazama tu, hakuna aliyelazimishwa kula hiki au kile. Mwanamke wa Marekani anayekula karanga na maharagwe huenda pia anatembea zaidi, havuti sigara, ana fedha na daktari wake. Watafiti hujaribu kuyachuja hayo kwa hesabu, ila chujio huwa halikosi tundu. Hata sababu za kibayolojia hazijanyooka zote. Miaka hii imezungumzwa sana dutu iitwayo TMAO, inayotengenezwa pale bakteria wa tumboni wanapokutana na viambato vya nyama nyekundu, na ambayo imehusishwa na maradhi ya mishipa. Samaki wa baharini wanayo dutu hiyo moja kwa moja, kwa wingi, na bado wala samaki hawaonekani kudhurika kwa moyo. Atakayekwambia jambo hili limekwisha anakuuzia kitu.

Sinia ya Lamu kwa gramu

Turudi nyumbani. Kiwango cha kawaida cha protini kwa mtu yeyote aliyekwisha kukua ni gramu 0.8 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa waliovuka miaka 65, jopo la wataalamu lililotoa mapendekezo yake 2013 lilipandisha hadi gramu 1.0 au 1.2. Shangazi ana kilo 60, kwa hiyo anahitaji kati ya gramu 60 na 72.

Nikakaa naye nikahesabu. Mkate na chai ya rangi asubuhi: gramu tano, sita. Wali na mchicha mchana: labda nane. Usiku mkate tena: tano, sita. Jumla haifiki 25. Nikampigia hesabu pia ya chakula chake cha zamani, kabla ya kliniki. Mahamri na mbaazi na chai ya maziwa, 18 hivi. Wali na kipande cha samaki cha gramu 100, karibu 27. Jioni mkate na chai ya maziwa, nane. Karibu 53. Alikuwa pungufu hata zamani, lakini si wa kuanguka.

Utaona pia protini ile ya zamani ilivyokuwa imelundikana mchana, jioni ikawa kama hakuna. Na msuli uliozeeka, kama nilivyosema, hauamki kwa gramu nane. Ndiyo maana wataalamu wengi wanashauri igawanywe kwenye milo badala ya kumwagwa yote kwenye sinia moja. Mwezi wa Ramadhani, futari yetu hubeba kunde na mbaazi vizuri tu. Daku ndiyo huishia kwenye chai na maandazi, na mtu mzima hulala na kushinda na hicho hadi magharibi.

Tulichofanya hakikuhitaji kopo. Asubuhi mbaazi zikarudi, kikombe kimoja kilichopikwa, gramu 11 hivi za protini, na chai ikarudishiwa maziwa. Mchana samaki wa kuchoma au wa mchuzi wa ukwaju, na kipande kikawa kikubwa kuliko cha zamani. Wali ukapungua, nalo lilihitaji maneno. Usiku pojo na yai, au vibua wawili waliobaki mchana. Katikati kiganja cha karanga, protini gramu saba, zilizotwangwa kwa sababu ya meno.

Vita vilikuwa kwenye nazi. Mafuta ya nazi karibu asilimia 90 ni mafuta mazito, na majaribio yanaonyesha kuwa hupandisha LDL kuliko mafuta ya maji ya mimea kama alizeti. Nilimweleza. Akaniangalia kama niliyemtukania mama yake. Tukapatana hivi: nazi moja badala ya mbili, na mbaazi zichemke kwa tui jepesi mpaka ziive. Kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, litiwe kijiko kimoja mwishoni ili harufu ibaki. Alisimama na kifumbu mkononi, akalikamua mara ya pili, ya tatu, akalionja, akasema, "Haya ni maji ya kuoshea mbuzi." Akaipika hivyohivyo. Kusema kweli, mbaazi zile hazikuwa za zamani. Zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa za zamani.

Unga wa kijana nao si sumu. Mwingi hutengenezwa kwa maziwa, na kwa mgonjwa asiyeweza kutafuna unaweza kufaa. Kwa anayekula samaki na pojo ni gharama bila sababu, na baadhi ya makopo hutiwa sukari nyingi. Kijana mwenyewe alikosa sehemu moja muhimu zaidi, ingawa ndiyo anayoijua: protini bila kazi haijengi msuli. Shangazi sasa huinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, bila kushika chochote. Ananuna, anahesabu kwa sauti.

Kabla ya yote hayo nilimpeleka apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Hatua hii isirukwe. Presha ya miaka mingi na kisukari huharibu figo kimyakimya, na figo zilizochoka hulemewa na protini nyingi. Mwenye figo mbovu huenda akaambiwa apunguze, na hapo hesabu zangu zote za gramu hazimhusu, amfuate daktari wake. Za shangazi zilikuwa salama.

Sasa kusi limeingia. Bahari imechafuka, ngalawa hazitoki, na samaki mbichi sokoni akionekana bei yake humrudisha mtu nyumbani na kapu tupu. Ni msimu wa ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Papa mkavu ana protini tele, ila chumvi aliyopakwa peke yake inaweza kumpitisha mtu kiwango cha siku nzima, kile cha gramu tano ambacho Shirika la Afya Duniani linasema tusikivuke. Nilijitayarisha kwa vita vingine. Nikamkuta jikoni, beseni mbele yake, vipande vya papa vimelazwa majini tangu usiku. Alimwaga maji, akatia mengine, akalamba kidole.

"Bado," akasema, akamwaga tena.